Kabini ya gondola imeshikwa na nini?

SWALI: Ninaishi Vancouver. Desemba mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nikampeleka Whistler, mji wa milimani wa mchezo wa kuteleza kwa skii, akaone theluji. Tulipofika kwenye gondola, yaani vyumba vidogo (kabini) vinavyoning'inia kwenye kebo na kupandisha watu mlimani, alisimama akatazama juu. Kabini zilikuwa zinaingia stesheni na kupunguza mwendo mpaka mtu anapanda kwa kutembea, huku kebo inakwenda kasi ileile. Akaniuliza: "Sasa hiki kidude kikishaiachia hiyo kamba, kinaishika tena na nini? Na kikiishika vibaya?" Sikuwa na jibu, na mama hakupanda. Naomba unieleze kitaalamu lakini kwa lugha ya kueleweka: inaachiaje, inashikwa na nini, na umeme ukikatika tukiwa katikati ya bonde inakuwaje?

JIBU: Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Swali lake ndilo mkaguzi wa mitambo hii huanza nalo, na wengi wanaopanda gondola kila wikendi hawajawahi kujiuliza.

Nianze na jambo ambalo likishaeleweka, mengine yatafuata yenyewe. Kinachoshika kebo ni koleo, na koleo hilo halifungwi na umeme, wala haidroliki, wala upepo wa kompresa. Linafungwa na springi. Likiachwa peke yake, limefunga. Kulifungua ndiko kunakotaka nguvu, na nguvu hiyo inapatikana mahali pamoja tu: ndani ya stesheni, kwenye reli fupi iliyopinda ambayo kazi yake ni kulikandamiza. Mkishatoka stesheni hakuna waya, swichi wala kompyuta inayoweza kulifikia koleo huko njiani na kuliamuru liachie.

Siku nyingine mkienda, msikimbilie kupanda. Simameni kando, mtazame juu ya paa la kabini. Kabini inaning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono huo ndipo lilipo koleo. Lina taya mbili za chuma kilichofuliwa. Taya moja haisogei. Ya pili inacheza kwenye pini, na upande wake wa nyuma umeendelea kuwa wenzo wenye rola kwenye ncha. Kati ya wenzo na mwili wa koleo zimebanwa springi nene, mara nyingi mbili. Watengenezaji hawafanani: wengine hutumia springi za koili, wengine huweka vyuma virefu vinavyonyongwa, vile ambavyo mafundi wa Hiace za zamani wanaviita tosheni baa. Pembeni kuna vigurudumu vya kutembelea reli, na juu kabisa kuna bati bapa, ambalo nitalirudia baada ya muda mfupi.

Springi ya koili inayofanya kazi kwa kubanwa ina sifa moja ambayo wasanifu wanaithamini sana: ikivunjika haiachii. Vile vipande viwili hukaliana na kuendelea kusukuma, nguvu ikiwa imepungua kidogo tu. Na kwa kuwa ziko mbili, nyingine bado inabana kama kawaida. Koleo hutengenezwa kwa hesabu kwamba ipo siku springi moja itavunjika na abiria wako njiani.

Sasa tuifuate kabini inapoingia. Kebo ya gondola nyingi za kisasa hukimbia hadi mita 6 kwa sekunde, karibu kilomita 22 kwa saa, na kabini inafika mlangoni mwa stesheni kwa kasi hiyohiyo. Kwanza inaingia kwenye mwongozo wenye mdomo mpana, ili upepo usiendelee kuiyumbisha. Kisha vigurudumu vinapanda juu ya reli, na hapo uzito unahama: nukta iliyopita ulibebwa na kebo, sasa unabebwa na reli. Mpangilio huu haupinduliwi kamwe. Kabini hubebwa kwanza, ndipo koleo linafunguliwa. Rola ya wenzo inakutana na ile reli iliyopinda, reli inaikandamiza, springi zinasalimu amri, taya zinaachana, na puli za stesheni zinaielekeza kebo ishike njia yake ya peke yake. Tangu hapo kabini haidaiani tena na kebo.

Nani anaisukuma basi? Juu ya reli kuna safu ya matairi madogo ya mpira, yamejipanga karibu karibu, yote yamekanyaga lile bati bapa. Tairi la kwanza linazunguka kwa mwendo wa kebo. La pili polepole kidogo, la tatu zaidi, mpaka yale ya mwisho yanaitembeza kabini kwa sentimita 30 hivi kwa sekunde, ndiyo ule mwendo mliouona watu wakipandia. Piga hesabu: ukiondoa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, kutoka 6 kushuka mpaka 0.3, unahitaji karibu sekunde 6 na takriban mita 18 za reli. Na kutoka nako kunataka urefu kama huo. Ndiyo maana stesheni za gondola ni ndefu kama mabohari ilhali sehemu ya kupandia abiria ni kipande kidogo tu katikati.

Hapa kuna kitu ambacho mimi binafsi nakistahi kuliko vyote kwenye mtambo huu. Katika mitambo mingi matairi hayo hayana mota yake. Yanazungushwa na kebo yenyewe: kebo ikipita juu ya puli pale stesheni inaigeuza, puli inavuta mkanda, mkanda unazungusha tairi la kwanza, tairi la kwanza linavuta la pili kwa mkanda mwingine, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu, na ukubwa wa puli ndogo ndio unaopunguza mwendo hatua kwa hatua. Faida yake ni kubwa. Opereta akipunguza mwendo wa kebo kwa sababu ya upepo, matairi yote yanapungua kwa uwiano uleule, papo hapo. Hakuna kompyuta inayokisia kebo inakwenda kasi gani. Imefungwa kwa mkanda.

Kutoka ni kinyume cha kuingia, na huko ndiko liliko jibu la mama. Bila shaka amewahi kumwona kondakta wa daladala akidandia gari ambalo limeshaanza kuondoka. Hakamati mlango akiwa amesimama, maana utamng'oa mkono. Anakimbia sambamba na gari mpaka miendo yao iwe mmoja, ndipo anashika. Kabini nayo hukimbizwa na matairi mpaka kasi yake ilingane na ya kebo, koleo likiwa limeshafunguliwa tena na reli. Kebo inaingia katikati ya taya, reli inaisha, rola inaachiwa, springi zinafunga. Mita 3 za mwisho hupitwa kwa nusu sekunde. Kwa mtazamaji aliye chini haonekani mshtuko wowote, kwa sababu ndani ya hiyo nusu sekunde kabini na kebo vimetulia kila kimoja mbele ya mwenzake, ingawa vyote viwili vinakimbia.

Miendo isipolingana je? Tuseme tairi moja au mawili yamepungua upepo. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea, na lililobonyea huisukuma kabini polepole kuliko ilivyokusudiwa. Koleo likifunga wakati kebo inakwenda haraka kuliko lenyewe, taya zitaikwaruza kebo kwa kitambo kabla ya kuishika. Mara moja si balaa. Lakini likijirudia kwa kila kabini, siku nzima, msimu mzima, nyuzi za nje za kebo zitaanza kulika. Kwa hiyo kazi mojawapo ya fundi wa mitambo hii ni kitu cha kawaida kabisa: kupima upepo wa matairi na kutazama yaliyolika. Fundi mzoefu hujua hata kwa sikio. Koleo lililoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mkavu. Lililokwaruza, mlio wake una mkia.

"Na kikiishika vibaya?" Hapa ndipo sehemu kubwa ya akili ya mtambo ilipowekwa, na kwa maoni yangu ndipo usalama ulipo hasa, kuliko kwenye ukubwa wa koleo. Kabla kabini haijaondoka, kila koleo linapimwa, kila mzunguko. Rola ya wenzo inapopita chini ya reli, kipande kimoja cha reli hiyo kimewekwa juu ya mizani ya umeme. Kadiri springi zinavyosukuma kwa nguvu ndivyo rola inavyosukuma reli, na mizani inasoma. Springi ikiwa imechoka au imevunjika, namba inashuka chini ya kiwango na mtambo unasimama wenyewe. Baada ya koleo kufunga, sensa nyingine zinatazama mkao wa taya: ikiwa kebo haikuingia vizuri, taya zitabaki wazi kupita kiasi, na kama zimefunga hewa tupu zitakuwa zimekaribiana kupita kiasi. Vyote viwili vinaonekana, na vyote viwili vinasimamisha kebo kabini ikiwa bado iko pale stesheni.

Kuna sensa pia za nafasi kati ya kabini na kabini. Chukua gondola inayopandisha watu 2,400 kwa saa kwa kabini za watu 8. Hizo ni kabini 300 kwa saa, yaani moja kila sekunde 12. Njiani, kwa mita 6 kwa sekunde, kati ya moja na nyingine kuna mita 72. Lakini ndani ya stesheni, kwa sentimita 30 kwa sekunde, zile sekunde 12 ni mita 3.6 tu, na kabini yenyewe inakula sehemu kubwa ya hizo. Mtu akikwama na skii zake mlangoni, ya nyuma inamfikia. Ndiyo maana wafanyakazi wa pale hawaondoi mkono wao mbali na kitufe cha kusimamisha, na ndiyo maana mara nyingi gondola inaposimama ghafla sababu ni abiria, wala si mtambo.

Sitaki kukuficha kwamba koleo liliwahi kushindwa, tena hukohuko Whistler. Tarehe 23 Desemba 1995, kwenye lifti ya viti iliyoitwa Quicksilver, kiti kimoja kiliteleza kwenye kebo baada ya mtambo kusimama kwa dharura. Kikagonga vingine, na viti vinne vikaanguka. Watu walikufa na wengine wakaumia vibaya. Lifti ile ilijengwa na kampuni ya Marekani iliyojulikana kama Yan, na makoleo yake yalitumia vipande vya mpira mahali ambapo wengine huweka springi za chuma. Mpira na baridi kali havipatani: unakakamaa, nguvu yake inabadilika. Baada ya ajali, lifti za namna hiyo zilizokuwa zimetapakaa Amerika Kaskazini ama ziliondolewa ama zilivuliwa makoleo yale zikavishwa ya watengenezaji wengine. Unapomwambia mama kwamba koleo la leo lina springi za chuma, tena mbili, na linapimwa kila linapopita stesheni, mweleze pia kwamba kanuni hizo zina historia yake.

Sasa nguvu ya kushika. Kabini ya watu 8 ikijaa inaweza kufikia uzito wa kilo 1,200 hivi. Mahali ambapo kebo imepanda kwa nyuzi 30, nusu ya uzito huo ndiyo inayovuta kabini iteleze kurudi nyuma: kama niutoni 5,900 (niutoni ni kipimo cha nguvu). Ukitaka akiba ya mara tatu, koleo lazima liweze kuhimili karibu niutoni 17,700 kabla halijaanza kuteleza, na hapo kebo ina grisi, ina maji, pengine ina barafu. Halafu kebo yenyewe haina unene uleule siku zote; inapovutwa sana na inapozeeka hupungua kipenyo, na taya lazima ziifuate. Kazi hiyo ni ya springi vilevile: boliti iliyokazwa isingeufuata upungufu huo, springi inaufuata.

Utauliza, kwa nini taya zisizungushe kebo yote kama ngumi? Kwa sababu ya nguzo. Kwenye kila nguzo kebo inapita juu ya roda zenye mpira, na mahali pengine inapita chini yake. Lazima sehemu ya kebo ibaki wazi ili roda iiguse, na taya ziwe nyembamba, zenye ncha zilizochongwa, ili zipite juu ya roda bila kuruka. Ule mtikisiko mnaousikia kabini inapovuka nguzo ni hizo ncha zinapopanda na kushuka.

Koleo la kuachia lina faida nyingine ambayo abiria hawaijui. Kwenye lifti za zamani, zile ambazo viti vimefungwa moja kwa moja kwenye kebo, koleo linabana palepale siku zote, na ili kebo isichoke pale, mafundi hulazimika kulisogeza kila baada ya muda uliowekwa. Hili la kuachia linajisogeza lenyewe: kila linapotoka stesheni linashika mahali papya. Na usiku, au dhoruba ikija, kabini zote zinaweza kuondolewa kwenye kebo na kuingizwa bohari. Kwa upande wa ukaguzi, makoleo hushushwa kwa zamu, yanafunguliwa yote, yanasafishwa na kupimwa nyufa kwa sumaku na unga wa chuma: penye ufa, unga unajikusanya na kuchora mstari ambao jicho peke yake lisingeuona.

Kwa kuwa mama ni wa Tanga, hili litamfurahisha. Koleo la kushika na kuachia halikuvumbuliwa kwa ajili ya watu wa skii. Lilizaliwa kwenye migodi na misitu ya Ulaya katika karne ya 19, kubeba makaa na mawe, na kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig ndiyo iliyolieneza duniani. Kampuni hiyohiyo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilijenga njia ya kebo ya kushusha mbao kutoka misitu ya Shume, juu Usambara, hadi reli ya Tanga pale Mkumbara. Skii zilikuja baadaye sana: lifti ya viti yenye makoleo ya kuachia ilifika Flims, Uswisi, mwaka 1945, na ile ya kwanza ya watu wanne iliwekwa Breckenridge, Colorado, mwaka 1981. Leo mtambo uleule wa skii unabeba watu wanaokwenda kazini La Paz, Bolivia, tangu 2014, mahali ambapo hakuna anayevaa skii.

Mkienda Whistler tena mtaiona nyingine, Peak 2 Peak, iliyofunguliwa 2008. Hiyo ni ya namna tofauti. Kabini zake, za watu 28, zinatembea juu ya kebo mbili nene zisizosogea, na kebo ya tatu ndiyo inayozivuta. Koleo linashika ile ya kuvuta tu, uzito uko juu ya zile mbili. Kwa sababu hiyo inaweza kuvuka kilomita 3 bila nguzo katikati, mita 436 juu ya bonde. Kama mama aliogopa ile ndogo, usianze naye kwa hii.

Pengine pia mmesikia ajali ya Mottarone, Italia, Mei 2021, iliyoua watu 14. Ule ni mtambo wa kabini mbili zinazopishana, hazina koleo la kuachia. Kebo ya kuvuta ilikatika, na breki ya dharura ilikuwa imezuiwa kwa makusudi isifanye kazi. Tatizo halikuanzia kwenye koleo.

Umeme ukikatika, koleo halina habari. Linabana kama lilivyokuwa linabana. Kinachotokea ni kwamba mota inanyamaza, breki zinaishika puli kubwa inayozungusha kebo pale stesheni, na kabini zote zinasimama zilipo, zikiyumba kidogo mbele na nyuma. Breki nazo, kwa kawaida, zimejengwa kwa falsafa ileile: springi ndizo zinazofunga, na nguvu ya haidroliki inatumika kuzifungua tu, kwa hiyo ikipotea zinafunga. Baada ya muda opereta anawasha injini ya dizeli ya akiba, na kebo inaanza kwenda polepole mpaka kila mtu afike stesheni. Inaweza kuchukua muda mrefu kwenye mlima mkubwa. Ikishindikana kabisa, waokoaji hupanda nguzo, hupita juu ya kebo kwa kifaa chenye vigurudumu mpaka kwenye kabini, na kuwashusha watu mmoja mmoja kwa kamba. Kinachowatesa abiria hapo ni baridi, kwa hiyo mvalishe mama koti zito, glavu na soksi za sufu hata kama jua linawaka, na ahakikishe amekwenda haja kabla ya kupanda.